Nusu Dakika ya Kutupa

Wiki mbili zilizopita niliingia duka moja pale Mabatini kununua kiberiti, nikakutana na harufu ya bluu. Sisemi rangi. Nasema ule unga wa kufulia nguo nyeupe, wa kwenye kipakiti kidogo, ambao mama zetu waliutia kwenye maji ya mwisho ya kusuuza. Nilidhani haupo tena duniani. Nikamuuliza muuzaji, kijana wa watu, akanijibu, "Upo dada, wazee bado wananunua." Wazee! Nikanunua pakiti moja ambayo sina kazi nayo, nikarudi nyumbani Ilemela bila kiberiti.

Wa rika langu mtanielewa. Enzi zetu shati la shule lisilopigwa bluu halikuwa jeupe hata ulisugue mpaka vidole vichubuke. Lilikuwa shati safi tu, na usafi ulikuwa jambo moja, weupe jambo jingine. Jumamosi asubuhi kamba zote za uani kwetu zilijaa mashati yanayong'aa kwa ubaridi fulani, na mama wa mtoto ambaye shati lake lilikuwa na rangi ya maziwa yaliyolala alisemwa chinichini kisimani. Ndivyo nilivyolelewa. Nayasema haya mapema ili mnihukumu kwa haki, maana nina kosa la kueleza.

Baba yangu alikuwa mpiga video. Msimfikirie kama hawa wa siku hizi wanaoinua simu juu ya vichwa vya watu. Yeye alikuwa na kamera ya kanda ndogo, zile zinazoenea kwenye kiganja, na aliitunza kuliko alivyotutunza sisi. Harusi, kipaimara, mazishi ya watu wazito, alikwenda kote, mjini na ng'ambo ya ziwa. Mama, ambaye siku za kazi alikuwa fundi cherehani, Jumamosi alifunga cherehani yake na kwenda naye kumsaidia. Chumba cha mbele cha nyumba yetu ya Mabatini, kinachotazama barabara, ndicho kilichokuwa ofisi. Kilikuwa na kompyuta moja, feni moja ambayo haikuruhusiwa kuwashwa kwa sababu ya vumbi, na Baba.

Jamani, yule mtu alikuwa msumbufu! Mkanda mpya ulipotolewa kwenye karatasi yake, hakurekodi hapo hapo. Aliupeleka mpaka mwisho, akaurudisha mpaka mwanzo, ndipo arekodi, eti ulikuja umejikaza na safari. Hakuwahi kuchanganya mikanda ya kampuni mbili katika kamera moja, kwa kuwa mafuta ya huu na ya ule yakikutana yanaganda kwenye vichwa vya kusomea. Wenzake walikuwa wakiiwekea kamera mwendo wa pole ili mkanda wa saa moja uchukue saa moja na nusu. Baba aliwaita walanguzi. "Picha si maharage," alisema, "huongezi maji ili watu wengi washibe." Na mkanda uliokwisha kurekodiwa harusi ya mtu haukurekodiwa tena kitu kingine. Ulikuwa mali ya mwenye harusi, na kazi ikiisha alipewa pamoja na sidii yake, ndani ya bahasha, jina likiwa limeandikwa kwa mkono wa Mama.

Lakini usumbufu wake mkubwa ulikuwa kwenye weupe. Kamera, alitufundisha, haijui nyeupe ni ipi. Macho yetu yanasamehe. Ukiwa chini ya taa ya manjano au kwenye kivuli cha mwamba, jicho linakwambia shela ya bibi harusi ni nyeupe tu, linajirekebisha lenyewe. Kamera haisamehi. Inakuonyesha shela ya manjano, inakuonyesha shela ya samawati, mpaka uikalishe chini uiambie: hii hapa ndiyo nyeupe, nyingine zote pima kwa hii. Kwa hiyo kabla ya kila kazi Mama alisimama mbele ya kamera akiwa ameshika kipande cha popelini nyeupe, baki la sare za kwaya alizoshona, akakiinua mpaka kikajaza kioo chote. Baba akabonyeza kitufe. Basi, kamera imeshajua.

Na kwa kuwa mwanzo wa mkanda ndipo panapochoka na kukwaruzika kwanza, Baba hakuweka harusi ya mtu pale. Nusu dakika ya kwanza ilikuwa ya kutupa. Aliacha mkanda uzunguke, akaenda kuhangaika na waya za spika, na Mama akabaki pale pale na kitambaa chake, akihesabu kwa sauti mpaka thelathini ili kipaza sauti nacho kipimwe. Kila harusi ya Mwanza iliyopita mikononi mwa baba yangu ilianza na mama yangu nyuma ya kitambaa, akihesabu. Kisha kipande hicho kikakatwa.

Mimi ndiye niliyejua habari za nusu dakika ile. Nilikuwa darasa la tatu, na kazi yangu Jumatatu baada ya shule ilikuwa kukaa mbele ya kompyuta wakati wa kile ambacho wenzake Baba waliita kukapcha na yeye aliita kumimina, yaani kuhamisha picha kutoka kwenye mkanda kwenda kwenye kompyuta. Mkanda wa saa moja ulimiminwa kwa saa moja kamili, hakuna mkato. Kwa saa hiyo hakuna aliyegusa kitu, hakuna aliyeruka mlangoni, na miguu ikimchezacheza mtu aliambiwa akachezee nje. Mimi nilikaa na daftari. Nikiona vimiraba vimetokea kwenye picha, naandika ni dakika ya ngapi. Kabla ya hapo nilitakiwa kusogeza mkanda bila picha mpaka dakika ya kwanza, niivuke ile nusu dakika ya kutupa, ndipo tuanze.

Sikuwa nikiivuka. Baba akitoka kuchemsha chai yake, nilikuwa naanza mwanzo kabisa na kumtazama Mama. Kusema kweli sikumwona yeye, niliona kitambaa, pamoja na vidole vyake vinne huku na vinne huku. Lakini sauti ilikuwa yake, na Mama alishajua kwamba mimi ni mwizi. Sijui alijuaje. Siku moja nikaona vidole vya upande wa kulia vinachezacheza, kimoja kimoja, kama watu wanaotembea juu ya ukuta. Aliporudi kutoka sokoni nilimwangalia, akaniangalia, tukacheka mpaka Baba akauliza kuna nini.

Mwisho wake Baba alinikamata. Alikuwa amekuja kuchukua miwani. Hakunichapa, ila alinisema kwa ile sauti ya chini ambayo ni afadhali fimbo. "Kabula, kila ukiupitisha mkanda ni mkwaruzo. Mwanzo ukikatika, kazi yote ya watu imekwenda. Unataka nikawaambie nini?" Nikalia. Nikaapa kwamba sitarudia. Na ili nimwonyeshe kwamba nimekuwa mtu mzima, Ijumaa ile nikaamua kusaidia kazi kwa kitu kikubwa zaidi. Kesho yake walikuwa na harusi Kamanga, wanavuka na kivuko cha asubuhi. Nikachukua kitambaa cheupe, nikakifua.

Kumbe Mama alikuwa akikifua kwa sabuni ya mche tu, na Baba alikuwa amemkataza kitu kingine chochote. Mimi hilo sikulijua. Nilichojua ni kwamba kazi ya kitambaa kile ni kuwa cheupe kuliko vitambaa vyote, na weupe hauji bila bluu. Nikamimina pakiti nzima kwenye beseni. Sikusuuza tena. Nikakianika nyuma ya nyumba, kikakauka kimesimama chenyewe kama kadibodi. Nilikiona kimetakata ajabu. Nikakikunja vizuri, nikakitia kwenye begi la kamera, sikumwambia mtu. Nilitaka washangae wenyewe.

Jumatatu nikakaa kwenye kiti changu. Baba alikuwa jikoni na chai yake, nafasi ya kuiba ilikuwepo, na nilitamani mno kuona kitambaa changu kwenye kioo. Lakini nilikuwa nimeapa. Nikasogeza mkanda bila picha mpaka dakika ya kwanza, nikamwita Baba. Ile ndiyo siku pekee niliyotii.

Picha ikaja. Bibi harusi alikuwa anashuka kwenye gari, na alikuwa wa manjano. Shela ya manjano, meno ya manjano, mawe ya Kamanga yamekuwa kama mikate iliyotoka tanuri, na ziwa lenyewe limekuwa chai. Kule harusini Baba hakuona kitu, maana kitundu cha kuchungulia cha kamera ile kilionyesha nyeusi na nyeupe tu. Baba akaikaribia kompyuta, akapapasa waya zake, akazichomoa na kuzichomeka. Akakaa. Akaenda kwenye begi, akatoa kitambaa, akakipeleka mlangoni kwenye mwanga. Pale nami nikaona, kwa mara ya kwanza, kwamba hakikuwa cheupe hata kidogo. Kilikuwa cha samawati. Kamera ilikuwa imeambiwa kwamba hii samawati ndiyo nyeupe, nayo, mtumwa mtiifu, ikatia manjano kwenye kila kitu ili mambo yalingane.

"Nani amefua hiki?"

Mama alikuwa kwenye cherehani. Hakuinua kichwa. "Mimi."

"Wewe? Wewe unayejua?"

"Nimepitiwa, baba Kabula. Nilikuwa na haraka."

"Umenigeuzia watu bizari! Harusi nzima, watu wazima na heshima zao, bizari tupu! Nitawaambia nini mimi?" Aliendelea hivyo kwa muda mrefu. Hakuwa mtu wa kufoka, siku hiyo alifoka mpaka jirani akaja kujifanya anaomba chumvi. Mama alishona. Mimi nilikuwa nimekaa na daftari langu mapajani, na maneno "ni mimi" yalikuwa yamejaa mdomoni kama ugali wa moto, na sikuyatema. Mama alinitazama mara moja tu, akarudi kwenye mshono wake. Nikanyamaza. Nilinyamaza siku hiyo, na ya pili, na zote zilizofuata.

Wale wa Kamanga, kwa kituko, waliipenda. Walisema harusi yao imetoka kama dhahabu. Baba alipokea sifa hizo kama mtu anayepokea matusi.

Sasa sikilizeni kilichonipata. Haukupita mwezi, Mama akaanza kuchoka. Alikuwa akilala mchana, kitu ambacho kwetu kilifanywa na wagonjwa na wazungu. Akawa hali. Shangazi yetu, dada yake Baba, alikuja kumsalimia, akamvuta kope la chini kwa kidole, akaita, "Kaka, njoo uone." Nami nikachungulia. Macho ya mama yangu yalikuwa ya manjano. Manjano ile ile, jamani, ile niliyoiona kwenye meno ya bibi harusi. Bizari.

Mtoto wa darasa la tatu hana habari za ini. Nilichokijua mimi ni kwamba niliharibu weupe, na manjano ikatoka kwenye kamera ikaingia kwa watu, na kwa kuwa Mama ndiye aliyekishika kitambaa kwa mikono yake, na ndiye aliyesema "mimi" wakati si yeye, imeanzia kwake. Sikumweleza mtu. Ungemweleza nani? Walimpeleka hospitali kubwa ya kilimani. Mimi nikakichukua kile kitambaa, Baba alikuwa amekitupa kwenye kapu la matambara, nikakifua. Nilikifua kwa sabuni ya mche, nikakichemsha kwenye sufuria ya maharage, nikakifua tena. Siku nne. Kila nikitoka shule nakifua. Mpaka samawati yote ikaisha.

Jumapili shangazi akanipeleka. Watoto hawakuruhusiwa wodini, kwa hiyo walimtoa Mama barazani akaota jua, kwenye kiti, mji wote na ziwa vikiwa chini yetu. Alikuwa amepungua, na kwenye jua lile manjano ilikuwa imeshuka mpaka shingoni. Nikasubiri shangazi aende kuongea na nesi. Nikatoa kitambaa ndani ya gauni langu, nikasimama mbele yake, nikakiinua kwa mikono miwili mpaka nikajificha wote nyuma yake.

"Kabula, unafanya nini?"

"Angalia hapa, Mama. Hii ndiyo nyeupe."

Sikuwa namwona.

"Angalia mpaka thelathini," nikamwambia. "Usipepese."

Nikaanza kuhesabu. Nilifika tatu nikasikia na yeye anahesabu, pole pole, sauti moja na yangu. Nne. Tano. Sita. Mikono yangu ilichoka lakini sikuishusha. Tulipofika kumi na mbili akakohoa, akasema, "Nimechoka, mama yangu. Nimeiona. Ni nyeupe kabisa." Nikashusha kitambaa kwa haraka nione kama macho yake yamerudi. Yalikuwa vile vile. Yalikuwa na machozi pia. Nikajiambia ni kwa sababu hatukufika thelathini.

Hakurudi nyumbani. Sitawaeleza msiba, kila mmoja wenu anao wake.

Ila nitawaeleza jambo la ajabu lililotukuta kwenye arobaini. Watu walitaka kumwona. Mjomba akasema, "Shemeji, tuwekee basi video yake." Baba akaenda chumba cha mbele, akafungua kabati, akasimama pale muda mrefu. Hakuwa nayo. Mtu aliyerekodi nusu ya mkoa hakuwa na picha inayotembea ya mke wake mwenyewe. Mganga hajigangi. Mikanda yote aliyoanzia Mama ilikuwa kwa wenyewe, Sengerema huko, Magu, Ukerewe, makabatini kwa watu wasiojua kwamba sekunde thelathini za mwanzo ni za kwetu. Tulibaki na picha moja ya pasipoti ambayo hata hakufanana nayo.

Nikakua. Nikajua ini ni nini, nikajua bluu haimgeuzi mtu rangi. Kujua hakukusaidia sana, kwa sababu lililobaki halikuwa bluu tena. Lilikuwa ule unyamavu wangu. Mama alifokewa mbele yangu kwa kosa langu, akafa, na sikuwahi kufungua mdomo. Hilo daktari hakulieleza. Na sauti yake ikaanza kunitoka. Nilikuwa naweza kukumbuka maneno aliyosema, lakini nikiyasema kichwani yalitoka kwa sauti yangu. Mara mbili nilipokuwa mtu mzima nilifuatilia mikanda kwa watu. Mmoja nikaukuta umeota ukungu. Wa pili walikuwa wamerekodia mpira juu yake.

Basi Jumatano iliyopita, saa nne asubuhi, mtu akapiga hodi. Mama mmoja mnene, mchangamfu, ametoka Kamanga na kivuko, mkononi ana bahasha. "Mwangaluka, baba," alimsalimia Baba kwa Kisukuma, maana siku hizi Baba anakaa kwangu, anaketi kwenye kiti chake karibu na dirisha. Baba akaitikia, ingawa hakujua ni nani. Ana mtoto wa jicho macho yote mawili, anaona mwanga na vivuli tu.

"Mimi ni yule bibi harusi wa dhahabu," yule mama akasema. "Mnanikumbuka? Binti yangu Neema anaolewa. Anataka kwenye sendofu, sherehe ya kumuaga, tuwaonyeshe watu nilivyokuwa. Nimezunguka mji mzima, hakuna mwenye mashine ya kusoma huu mkanda. Wakaniambia, mtafute mzee wa Mabatini. Nikafika Mabatini, wakanielekeza huku."

Bahasha ilikuwa na mwandiko wa Mama. Niliipokea kwa mikono miwili.

Kamera ya Baba ninayo. Kompyuta ya zamani yenye tundu la waya wake ninayo pia, mume wangu ameshaitaja kama sababu ya talaka. Yule mama akaenda sokoni kumsubiri mwanawe, nasi tukabaki na mkanda. Baba akaniongoza kutoka kwenye kiti, bila kuona, hatua kwa hatua. "Pitisha kwanza mkanda wa kusafishia vichwa. Sekunde kumi, usizidishe. Sasa upeleke mpaka mwisho, uurudishe. Usikimbize. Umekaa miaka mingi, umegandana. Zima feni." Feni nilikuwa nimeshaizima.

"Anzia dakika ya kwanza," akasema, kwa mazoea. Kisha akageuza uso upande wangu. "Hapana. Usiivuke."

Nikabonyeza.

Kulikuwa na giza, kisha mikwaruzo, kisha kitambaa. Kweli kilikuwa cha samawati. Nikasikia kidole cha Baba kwenye kitufe, na kitambaa kikageuka cheupe pe, na nyayo zake zikaondoka kwenye mchanga, sauti yake ikiulizia waya kwa mbali. Vidole vinne huku, vinne huku. Na Mama akaanza kuhesabu.

Ilikuwa nyembamba kuliko nilivyoiweka kichwani. Sauti ya msichana, hasa. Leo mimi ni mkubwa kuliko yeye. Baba alikuwa ameshika mikono ya kiti. Kumi na moja, kumi na mbili, kumi na tatu, kumi na nne. Akaacha. Kitambaa kikashuka, na uso wa mama yangu ukaja mbele ya kamera, karibu, wote, umelowa mwanga wa dhahabu. Akakitazama kitambaa. Akakinusa. Akatazama nyuma kuona Baba yuko wapi, halafu akatutazama sisi.

"Kabula," akasema kwa kunong'ona. "Najua uko hapo, mwizi wangu. Hiki umekifua wewe. Bluu yote hii, mama, ulikuwa unapaka nyumba?" Akacheka, akaziba mdomo kwa kitambaa. "Sikia. Baba yako akiuliza, nimefua mimi. Wewe nyamaza tu. Umesikia? Usiseme kitu." Akatazama nyuma tena. "Lakini kimetakata. Asante mwanangu."

Akainua kitambaa, akajificha. "Kumi na tano," akasema kwa sauti. "Kumi na sita."

Nililia kama mtoto. Miaka yote ile nilidhani nilikuwa mwoga, kumbe nilikuwa nikifanya nilichoambiwa. Mama alikuwa ameshaniagiza, mimi ndiye sikufika kusikiliza, kwa sababu siku hiyo nilikuwa nimeamua kuwa mtoto mzuri. Mkanda uliendelea. Bibi harusi akashuka kwenye gari. Sikuweza kuuzima wala kuurudisha, mkanda mzee haurudishwi katikati, umeshachoshwa na miaka.

"Kumbe ni wewe," Baba akasema.

"Ni mimi, baba. Nisamehe."

"Na mimi nilimfokea yeye." Ngoma za harusi zilikuwa zimeanza kulia kwenye spika. "Unajua, Kabula, mimi kazi yangu ilikuwa rangi. Nilikuwa naweza kukwambia taa hii na ile zimetofautiana. Na mke wangu alikaa mbele yangu kila siku, ugonjwa ukaingia machoni mwake, nisiuone mpaka dada yangu ananiita. Nimejiuliza sana ulianza lini. Pengine siku hiyo alikuwa ameshaanza. Pengine ningeangalia ningeona." Akageukia kompyuta, macho yake yale meupe. "Umeshamtazama. Niambie. Rangi yake ikoje?"

Nusu dakika ilikuwa imeshaingia kwenye kompyuta, ipo salama. Nikaifungua pembeni, nikausimamisha uso wake pale anapocheka. Anga la manjano, ziwa la manjano, mashavu, macho, meno. Hakuna binadamu ambaye angeweza kujua ipi ni ya kamera na ipi ni ya ugonjwa.

"Nzuri, baba," nikamwambia. "Rangi yake ni nzuri kabisa."

Akaitikia kwa kichwa mara nyingi, taratibu. "Haya," akasema. "Acha mkanda uende mpaka mwisho."